Kibao cha futi mbili

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, dada mmoja alisimama mbele ya kibanda changu hapa Grogan, Nairobi, viatu vyake vikiwa bado na udongo mweusi wa msituni, akaniuliza kama bado naandika kwa mkono. Nikamwonyesha brashi. Mashine za kuchapisha mabango ziko kila orofa kuanzia hapa hadi River Road, na mtu akitaka bango la mita tatu analipata kabla chai yake haijapoa. Kilichobaki kwangu ni milango ya malori, vibao vya "Mbwa mkali" na "Usikojoe hapa", na wateja wachache wanaopenda herufi iliyopitiwa na mkono wa mtu.

Alitaka kibao cha plaiwudi, futi mbili kwa moja, chepesi, cha kuingia mkobani. Anapeleka watu wa ofisini milimani kila mwisho wa mwezi. Wanakutana kwenye kituo cha petroli saa kumi alfajiri, wanarudi usiku wakichechemea, na wakifika kileleni lazima wapigwe picha wameshika kibao, la sivyo ni kama hawakwenda. Maneno alikuwa nayo kwenye simu: ABERDARES, na chini yake MITA 4,001. Tukapatana elfu moja mia tano, akatuma nusu papo hapo.

Alhamisi nilikuwa nimeshapiga msasa, nimepaka rangi nyeupe mara mbili, nimepima na kuchora herufi zote tisa kwa penseli, mzee wa gasketi alipokuja kuomba tina. Mzee huyu tumepakana vibanda miaka kumi na minane. Anakata gasketi za injini ambazo huzipati dukani, kwa mkasi, patasi na jicho tu, na jicho hilo hilo ndilo analotumia kusoma kazi yangu. Kwao ni upande wa Ol Kalou. Akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii ni nini?"

"Ni mlima, mzee. Wa kwenu."

"Kwetu hakuna kitu kinaitwa hivyo. Kwetu kuna Nyandarua."

Akaokota chaki yangu, akainama kwa shida, akachora sakafuni umbo refu lenye mgongo, kisha akalizungushia nukta. Nukta zile ni vigingi. Zamani ngozi ya ng'ombe ilitandazwa chini, ikapigiwa vigingi pande zote ikauke, na mtu akisimama mbali akautazama mgongo wa milima ile, ndicho anachokiona: ngozi iko juani.

Kijana wangu wa kazi, ambaye kwao ni Siaya, akacheka. "Afadhali nyinyi, mzee. Hilo lenu angalau hatujui ni nani. Sisi ziwa letu lote liliandikwa jina la nyanya wa wazungu." Nyumbani kwao ni Nam Lolwe. Ukivuka Uganda ni Nalubaale. Kitabuni ni Victoria, tangu Speke, msafiri Mwingereza, alipolifikia mwaka 1858.

Nikairudisha brashi kwenye mkebe. Niliwahi kuandika kwenye mlango wa lori jina la mke wa kwanza wakati mwenye lori alikuwa ameshaoa wa pili, na sikulipwa. Tangu siku hiyo, jina likiwa na ugomvi, rangi inasubiri.

Usiku ule nikiwa nyumbani Umoja nilisoma kwenye simu mpaka bando ikaisha.

Aberdare alikuwa lodi wa Uingereza, mkuu wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyepita huku mwaka 1883 na 1884, safari yake iligharamiwa na chama hicho. Akaiona milima, akampa mkuu wake. Biashara ya namna hii naielewa sana. Timu ya mtaani ikinunuliwa jezi na mwenye bucha, jina la bucha linakaa kifuani. Ila jezi huchakaa.

Baada ya Uhuru majina mengi yalifutwa, na mafundi walionitangulia kwenye kazi hii nadhani walikula vizuri. Delamere Avenue ikawa Kenyatta, Hardinge Street ikawa Kimathi, Victoria Street ikawa Tom Mboya, Government Road ikawa Moi Avenue. Miji nayo: Fort Hall ikawa Murang'a, Broderick Falls ikawa Webuye, Thomson's Falls ikawa Nyahururu. Lakini nenda Nyahururu leo uone. Mji ulipewa jina lake, maji hayakupewa. Maporomoko yenyewe, mita 74 za mto Ewaso Narok zikianguka kwa kishindo, kwa watalii bado ni ya Thomson. Nyandarua ni hivyo hivyo. Ni kaunti nambari 18 katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya 2010, imeandikwa pale ikakauka, lakini hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1950 juu ya milima hiyo hiyo inaitwa Aberdare mpaka kesho. Kirinyaga, jina la Mlima Kenya kwa Kikuyu, ni kaunti nambari 20, na ni barabara pia. Mlima wenyewe ndio haujaandikwa hivyo.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani mji unaandikiwa barua. Una ofisi ya chifu, shule, posta, muhuri, na jina lake linapita mezani kwa serikali kila siku. Likichukiza, linamchukiza mtu mwenye kalamu. Mlima hauandikiwi barua na mtu. Wanaouandika ni mchora ramani na mkata tiketi, na wote wawili wananakili walichokikuta.

Hiyo barabara ya Kirinyaga ndiyo hii ninayofanyia kazi. Kibao cha jiji kinasema Kirinyaga Road. Sasa mwulize makanga yeyote, mwulize fundi wa gia, mwulize mtu aliyetoka Kitengela asubuhi kutafuta bampa ya mtumba, wote watakwambia Grogan. Mimi mwenyewe nimeanza kuandika haya nikasema Grogan bila kufikiri, rudi juu usome. Ewart Grogan ni yule aliyesifika kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, na mwaka 1907 hapa Nairobi aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama. Jina la mlima ambao Wakikuyu waliuelekea wakiomba likawekwa juu ya jina lake, na miaka yote hii watu wanapigiana simu: "Niko Grogan, hapa chini ya Globe." (Globe ilikuwa sinema. Usinianzishe.) Nyuma ya vibanda vyetu unapita mto uliolipa jiji hili jina, Enkare Nairobi, maji baridi kwa Kimaasai. Ubaridi bado upo asubuhi. Maji hayo nisingekushauri uyaguse.

Kwa hiyo mimi, ambaye ugali wangu unatoka kwenye vibao, najua kibao peke yake hakishindi mdomo wa watu. Lakini mara moja kimeshinda, tena vizuri. Machi 1888 Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, alilifikia ziwa letu la kaskazini akaliita Rudolf, jina la mrithi wa kiti cha Austria. Lile dogo la upande wa Ethiopia akalipa jina la mke wa Rudolf, Stefanie. Mwaka 1975 Mzee Kenyatta akaamua ziwa liitwe Turkana, vitabu vya shule vikafuata, redio ikafuata, na leo ukimtajia kijana wangu Rudolf anafikiri ni mchezaji wa Ujerumani. Ziwa Hannington likawa Bogoria na nalo likashika.

Sitaki kuharibu sifa ya ziwa hilo la kaskazini, ila pale Loiyangalani, ufuo wa mashariki, wanaishi Waelmolo, wavuvi ambao ni kabila dogo kuliko karibu yote nchini. Kaskazini wako Wadasanach. Wapo Wasamburu, Warendile na Wagabra. Jina la jirani mmoja limewekwa juu ya maji wanayoyachangia wote. Na hata hao Waturkana wenyewe huliita Anam Ka'alakol, bahari ya samaki wengi, jina ambalo halimtaji mwenyewe bali linataja chakula. Lilikuwepo. Hakuna aliyelichukua.

Na hapa ndipo ugomvi unanifikia mimi, maana kwetu ni Kitui.

Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Krapf alikuwa kwetu Ukambani, mgeni wa Kivoi, akauona mlima kwa mbali akaambiwa unaitwa Kiinyaa. Sikio lake la Kijerumani likabeba lilichoweza, na kile lilichobeba ndicho kilichokuja kuwa jina la mlima, la koloni na la pasipoti yangu. Wasomi wa Ulaya hawakumwamini, theluji kwenye ikweta! Susu wangu, yaani bibi, aliyelala usingizi wa milele bila kuwahi kufika Nyeri, alikuwa akiutazama asubuhi za Julai hewa ikiwa safi na kusema ni mlima wa mbuni, kwa sababu mbuni dume ni mweusi mwenye manyoya meupe, na mlima ni mwamba mweusi wenye nyeupe.

Sasa mtu akiniambia tuufutie mlima jina la mkoloni, namuuliza lipi? Kenya si jina la mkoloni. Ni la susu, limepinda tu mdomoni mwa mgeni. Mzee wa gasketi ana Kirinyaga. Wameru wana Kirimara. Wamaasai wana Ol Doinyo Keri. Kila mmoja anasema kweli kutoka mlangoni kwake.

Vilele navyo ni kichekesho cha aina yake. Batian mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985. Yanasikika ya kwetu kabisa, na kwa kweli ni majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, Mbatian na jamaa zake. Ila aliyeyabandika pale ni Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni Septemba 1899. Yaani Mwingereza alichukua majina ya Wamaasai akayaweka juu ya mlima unaoombewa na Wakikuyu, na jina la mlima lilitoka kwa Wakamba. Na usiku wa Uhuru, Desemba 1963, aliyepanda kuipandisha bendera huko juu ni Kisoi Munyao, Mkamba. Hilo nilimkumbusha mzee wa gasketi mara mbili. Sikuweza kujizuia.

Jinsi wengine walivyofanya kumenifundisha zaidi kuliko mabishano yetu ya kibandani, nikianza na Marekani. Kule Alaska kuna mlima wa mita 6,190 ambao wenyeji tangu zamani huuita Denali, ule mrefu. Mwaka 1896 mtafuta dhahabu mmoja akauita McKinley, kwa ajili ya mgombea urais kutoka Ohio ambaye hakuwahi hata kufika Alaska. Mwaka 1917 jina hilo likaingia kwenye sheria ya hifadhi. Mwaka 1975 jimbo la Alaska likaomba Denali irudi, na wabunge wa Ohio wakakaa juu ya ombi hilo miaka na miaka. Mwaka 1980 Bunge la Marekani likabadilisha jina la hifadhi kuwa Denali, mlima wakauacha McKinley. Mwaka 2015 serikali ya Obama ikaurudishia mlima Denali bila kupitia Bunge. Tarehe 20 Januari 2025 Trump akaapishwa, na siku hiyo hiyo akatia saini mlima uwe McKinley tena.

Sasa sikiliza hili. Hifadhi bado inaitwa Denali. Hakuweza kuigusa kwa saini, kwa sababu jina lake liko ndani ya sheria ya Bunge. Mlima uliotegemea waziri umepinduliwa kwa siku moja. Ardhi inayouzunguka, iliyoandikwa na Bunge mwaka 1980, imekaa. Niliposoma hapo nilikaa kitandani wima. Kwetu ni vile vile ila kinyume: sheria imeshika jina la lodi, na mdomo wa mzee umeshika Nyandarua.

Halafu New Zealand. Kapteni Cook alipita baharini mwaka 1770, akauona mlima mzuri wenye umbo la koni, akauita Egmont, bwana mwingine wa London. Wamaori wao wana Taranaki, na kwao mlima ni babu, si mfano wa babu. Mwaka 1986 serikali ikakubali majina yote mawili yatumike. Januari 2025 Bunge lao likapitisha sheria bila mbunge kupinga: jina rasmi ni Taranaki Maunga, Egmont imeondoka, hifadhi nayo imebadilishwa ikawa Te Papa-Kura-o-Taranaki, na mlima pamoja na vilele jirani umetambuliwa kuwa nafsi mbele ya sheria, una haki zake kama mtu. Kilichonifurahisha kama fundi ni kwamba sheria ile imeandikwa na vistari vyote juu ya irabu. Mlima wa mzee wa gasketi kwa Kikuyu sahihi ni Kĩrĩnyaga, hiyo ĩ yenye wimbi inatamkwa karibu na e yetu, na katika miaka yangu yote sijaona bango hata moja la serikali lenye wimbi hilo. Brashi inachukua sekunde mbili.

Kanada nako kuna visiwa vilivyoitwa Queen Charlotte kwa sababu ya jina la meli. Sheria ya mwaka 2010 ikavirudishia Haida Gwaii. Wahaida walifanya sherehe, wakaliweka lile jina la zamani ndani ya sanduku la mbao la kienyeji, wakamkabidhi mkuu wa serikali ya jimbo alirudishe lilikotoka. Nimewaza sana sanduku hilo. Nimewaza pia nani angebeba la kwetu, na angelipeleka kwa nani.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa lile jiwe jekundu la Australia. Mwaka 1993 likaandikwa rasmi Ayers Rock / Uluru. Mwaka 2002 likageuzwa: Uluru / Ayers Rock. Miaka tisa, na kilichobadilika ni nani anatangulia. Mtu asiye wa kazi hii ataona ni mchezo. Mimi nimekaa nyuma ya brashi miaka ishirini na mitatu, na nimeona washirika wa biashara wakivunja urafiki kwa sababu ya jina lipi liko juu. Kwenye bango, jina la kwanza ndilo jina. La pili ni maelezo. Na herufi za inchi tatu zikikaa juu ya herufi za inchi moja, hata asiyejua kusoma ameshaelewa nani mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu akija na mswada unaosema "majina yote mawili yatatumika", swali langu kwake ni kipimo cha herufi.

Kijana wangu ndiye aliyenitajia Kifungu cha 119. Alisoma mwaka mmoja wa sheria kabla karo haijamshinda, na bado Katiba anayo kichwani kama wengine walivyo na mechi. Mtu yeyote, anasema, ana haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ilinde lugha za watu wa Kenya, na cha 11 kinasema utamaduni ndio msingi wa taifa. "Sasa fundi," akaniambia, "jina la mlima si lugha?" Tulianza kuandika ombi nyuma ya karatasi ya makadirio. Hatujamaliza, kwa sababu kila tukifika kwenye jina tunagombana.

Ila mengine tumekubaliana. Kwamba jina lisitoke mdomoni mwa rais wala kwa waziri, litoke Bungeni, ili wa kesho asilifute akiwa garini. Kwamba kabla ya kuandikwa waulizwe wazee wa kila upande wa mlima, siyo wa kaunti moja yenye kura nyingi. Na kwamba sheria ishuke mpaka chini: ramani, tiketi ya hifadhi, kitabu cha shule, bango la barabarani, siku moja. Bila hilo tutapata Grogan nyingine kinyumenyume, jina zuri ukutani na lingine kwenye risiti. Lolwe tuliiweka kando. Ziwa lina nchi tatu, Tanzania ina karibu nusu yake, na wao nao wana lao la kusema. Kijana hakufurahi.

Tulipogombana zaidi ni hapa: mimi nataka sheria ikubali mlima uwe na majina mengi rasmi, kila upande na lake. Ukitokea Kitui bango liseme Kiinyaa, ukitokea Nyeri liseme Kĩrĩnyaga, ukitokea Meru liseme Kirimara, na Kenya ibaki chini ya yote, ndogo. Kijana anasema sheria haiwezi kuandikwa hivyo, mahakama itachanganyikiwa. Namwonyesha mlima ule unaouona ukiwa Thika Road, Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa kwa Kimaasai. Mji ulio chini yake ni Kilimambogo, ambalo ni jina la mlima huo huo kwa Kiswahili. Wakikuyu wana lao pia, la njahi. Hakuna aliyewahi kupotea njia. Makanga anaita Kilimambogo, tiketi ya hifadhi inasema Ol Donyo Sabuk, na abiria anashuka pale pale.

Nakiri nina maslahi. Kila jina likibadilika, fundi wa mabango anakula.

Sasa kibao. Alhamisi ile ile nilimpigia dada nikamweleza ya mzee. Nilidhani atakasirika. Akasema wateja wake wanatafuta safari kwa jina la Aberdare, kiingilio cha hifadhi analipa kwa jina la Aberdare, akiandika Nyandarua watu watadhani anawapeleka kwenye shamba la viazi. Hoja yake ni nzito, na hakuna ombi la Bunge litakalomlipia basi likienda tupu. Nikamwambia majina yote mawili yanaingia, yote yana herufi tisa, nafasi ni ile ile. Swali ni lipi litangulie. Simu ikanyamaza kidogo, nikasikia matatu ikipiga honi upande wake.

"Litangulie la mzee," akasema. "Lakini Aberdares isomeke kwenye picha."

NYANDARUA nikaiandika inchi tatu, kijani kilichoiva. Chini yake Aberdares, inchi moja na robo. Chini kabisa mita 4,001. Mzee wa gasketi akaja kukagua kabla rangi haijakauka, akaniambia mkia wa R umefupika, akaondoka anapiga mluzi. Ijumaa dada akakichukua.

Jumatatu iliyopita akarudi nacho, pembe moja imechubuka. Akanionyesha picha: watu kumi na wanne kwenye ukungu, midomo ya bluu kwa baridi, kibao katikati. Picha nzuri. Shida, anasema, ni kijana mmoja wa kikundi, Mmaasai kutoka Narok. Alikishika kibao, akapigwa picha kama wengine, kisha akauliza kwa upole kama wanajua kilele walichosimama juu yake kinaitwaje. Kinaitwa Ol Doinyo Lesatima. Mlima wa ndama dume.

Dada akakigeuza kibao, akaniuliza upande wa pili ni pesa ngapi. Nikahesabu herufi: kumi na sita. Nikamwambia elfu moja. Akasema mia saba. Tukakutana mia nane na hamsini, kwa sababu plaiwudi ni yake.

Kiko mezani sasa, upande wa nyuma umepigwa msasa, penseli imeshapita. Mzee wa gasketi amekisoma mara mbili akipita kwenda kunywa chai. Hajasema kitu bado.